Jina la Nashon Lilipofutika

Kabla Goretti hajaajiriwa kama karani, madereva wa malori kwenye yadi ya mpakani Busia walipigania nafasi za foleni ya kuvuka kila wiki. Kurasa za daftari zilichanwa, na mtu mmoja aliwahi kung'atwa sikio. Ndiyo maana Goretti alikwenda Tororo kila Jumamosi kujifunza kuandika programu. Mwezi wa pili akaandika ya kwake: majina kumi na mawili, kila moja kwenye nafasi yake, yakionekana kwenye skrini dirishani. Mapigano yakaisha.

Alhamisi moja asubuhi walikuja madereva wawili. Nashon, Mkenya aliyesubiri siku tatu na mahindi yake, alikuwa wa tatu. Ecweru, Mganda wa Merikit aliyebeba samaki, alikuwa wa tisa.

"Madam, gurudumu langu limepasuka," Nashon alisema. "Mimi sitoki leo mapema. Mpe huyu nafasi yangu, mimi nichukue yake."

"Samaki yangu naharibika," Ecweru alisema. "Huyu ndugu ameniokoa."

Goretti akaandika mistari miwili. Wa kwanza: jina la nafasi ya tisa liwekwe kwenye ya tatu. Wa pili: jina la nafasi ya tatu liwekwe kwenye ya tisa. Akabonyeza, akaenda kunywa chai bila kutazama skrini.

Saa sita mchana Nashon alimaliza kufunga gurudumu, akaja dirishani na spana yake mkononi. Akasoma orodha mara mbili. Nafasi ya tatu, Ecweru. Nafasi ya tisa, Ecweru. Yeye hayupo.

"Amekula zote mbili," dereva mmoja akacheka nyuma yake. "Wewe mjinga, umemhurumia."

Ecweru alikuwa anapanda lori lake.

"Jina langu liko wapi?" Nashon akamvuta shati.

"Mimi sijui, ndugu. Uliza madam."

"Siku tatu nalala chini ya gari, halafu unanicheza?"

Spana ilimpata Ecweru juu ya jicho. Alianguka kwenye changarawe, akajaribu kutambaa chini ya lori. Nashon akamkanyaga mgongo, akampiga tena, na tena, mpaka damu ikawarukia waliokuwa wakicheka, wakarudi nyuma. Goretti alikuja mbio akipiga kelele, akanyoosha mkono kumkinga aliyelala. Spana ikampata yeye, akausikia mfupa wa mkono wake ukivunjika kabla hajasikia maumivu.

Hospitalini, akisubiri kufungwa plasta, aliichora ile mistari miwili kichwani. Mstari wa kwanza ulipoweka jina la Ecweru kwenye nafasi ya tatu, la Nashon lilifutika. Mstari wa pili ulipokwenda kulichukua, ulimkuta Ecweru. Mwalimu Herbert wa darasa la Tororo alishawaambia wanafunzi: liweke kwanza jina moja pembeni, ndipo uhamishe la pili. Yeye alikuwa na haraka.



Kesho yake alimweleza Ecweru, ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa limeshatolewa. Alisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukuta.

"Kwa hiyo hakuna aliyeiba," akasema. "Nenda, dada. Nimechoka."

Kwenye kituo cha polisi, Goretti aliandika maelezo yote, akakubali kosa lake. Afisa akamtazama. "Kompyuta haikushika spana," akasema, lakini akamruhusu kumwona Nashon.

Nashon alisikiliza akiwa ameshika nondo za mlango. Mwanzoni hakuelewa, akamwomba arudie. Aliporudia, Nashon akakaa sakafuni.

"Aliniita ndugu," akasema. "Hata pale chini, madam. Alikuwa bado ananiita ndugu."

Alifungwa miaka minne. Goretti alitoa ushahidi mkono ukiwa bado kwenye plasta. Alipotoka mahakamani, mke wa Nashon alimtemea mate usoni mbele ya watu wote, naye hakuyafuta mpaka alipofika barabarani.