Jina la Nyumbani

Kompyuta ya marehemu Kalisti iligoma. Ukiiwasha ilizungusha duara lake, ikachoka, ikazima. Mjane wake, Otilia, aliifuta vumbi kwa uangalifu uleule aliofutia sanamu ya Bikira Maria, na kila akifuta aliwaza jambo moja: mle ndani kuna sauti ya mume wangu. Kalisti, aliyekuwa mwalimu wa kwaya, alijirekodi humo akiimba wimbo mpya. "Utausikia Jumapili," alimwambia. Jumapili ikamkuta hospitali, na hakurudi.

Jioni moja Mwasiti, binti anayemfundisha Otilia kompyuta katika masomo ya jioni kule Majengo, alifika nyumbani kwake Mazwi na flashi mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kunywa uji wa ulezi, baridi ya leo haina adabu."

"Mwalimu ni darasani. Hapa mimi mwanao." Akaweka flashi mezani. "Kila moja ina mfumo endeshi wake, programu ya kuendesha kompyuta badala ya ile iliyoharibika. Walioitengeneza mifumo hii wameiacha wazi, yeyote achukue bure. Huu unapendeza ila mzito. Huu mwingine wa kawaida, mwepesi."

"Mwepesi. Mzee huyu usimtwike gunia."

Wakacheka. Otilia akafanya ishara ya msalaba, akachomeka flashi kwa mkono wake mwenyewe. Kioo kikawaka.

"Sasa hivi mfumo unatumia flashi tu, haujagusa kitu," Mwasiti alieleza. "Tukiusakinisha, diski yote inafutwa. Tuutoe kwanza ule wimbo wa marehemu. Andika jina, tuutafute."

Otilia akaandika Kalisti. Hakuna. Akaandika kwaya. Yakaja mamia ya mafaili, yote yameandikwa kwaya na namba tu. Wakafungua haya na yale, kote wanakwaya wanaimba kwa pamoja. Ee Mungu, aliomba kimoyomoyo, sikuombi mtu, naomba sauti tu.

"Jaribu jina lako."

Otilia. Hakuna.

"Labda aliufuta, mama," Mwasiti alisema taratibu.

Otilia alitazama jina lake pale kwenye kioo. Lilikuwa kama la mgeni. Padri alilitaja siku ya ndoa. Darasani linaitwa kila jioni. Lakini Kalisti? Tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe, hakulitamka hata mara moja.

Akalifuta, akaandika: mama salome.

Likaja faili moja.

Mtu akakohoa mle ndani. Kisha, kama anayeita kutoka uani: "Mama Salome!"

"Abee!" Otilia akaitika, amekwishasimama.

"Niuanze juu au chini?" sauti ya Kalisti ikauliza.

"Chini, Baba Salome. Hicho kifua chako!" Otilia akaijibu kompyuta.

Halafu Kalisti akauanza juu, kama kawaida yake, sauti ikamkatikia kwenye ubeti wa pili, akacheka mwenyewe. Mwasiti aliinamia kikombe chake cha uji muda wote.

Wimbo ulipokwisha, Otilia alibaki amesimama, akingoja kuitwa tena. Upepo ulipiga mabati. Hatimaye akaketi, wakanakili faili kwenye flashi ya pili, wakahakikisha linafunguka.

"Tuendelee, mama?"

"Tuendelee."

Akabonyeza. Diski ikaanza kufutwa, na kompyuta ikamwuliza jina lake.

Hakuandika Otilia.