Kimya cha Kona ya Pili

Niliikuta plagi ya injini ndani ya leso, imefungwa mafundo mawili kama jino la mtoto lililong'oka. Ilikuwa chini ya kiti cha Chura, pikipiki ya dada, pale anapowekaga bisibisi na kipande cha sabuni. Alikuwa amenituma bisibisi. Nikafungua leso huku nimeshaandaa utani, maana mtu hafungi kitu mafundo mawili bure. Plagi ilikuwa nyeusi tii, imelowa oili mpaka shingoni. Kila fundi anajua kuisoma plagi. Ile iliniambia sentensi moja tu, na utani wangu wote ukaniishia mdomoni.

Siku tisa kabla ya hapo tulikuwa tumemzika baba.

Chura ni pikipiki ya magurudumu matatu, mapana kama mito ya kulalia, ya kupita kwenye matope na mawe, haina habari na lami. Dada aliipata shamba moja lilipofungwa. Yeye ni muuguzi, na wagonjwa wake wengi wamejibanza huko juu mlimani ambako gari halifiki. Mguu wake wa kushoto ni mwembamba na mfupi tangu augue utotoni. "Nyie mna miguu miwili," alikuwa akituringia, "mimi ninayo minne na nusu." Ukihesabu magurudumu, kweli ilikuwa minne na nusu.

Baba aliishi nyumba ya mwisho huko huko juu, kifua kibovu, kichwa kigumu, amegoma kushuka. Dada ndiye alimpelekea dawa. Mzee alikuwa na mchezo wake: akisikia Chura kwenye kona ya pili ya mlima, anainuka na kubandika birika, lile la filimbi. Kutoka kona ya pili mpaka mlangoni ni muda wa birika moja kuchemka. Dada akizima injini, filimbi inalia. Mzee alijivunia hilo kuliko alivyojivunia diploma yangu ya ufundi.

Ila Chura alikuwa na ugonjwa. Injini yake ni tustroki, zile za kunywa petroli iliyochanganywa na oili. Mwendo wa chini ilivuta vizuri, mwendo wa juu ililia kama mzinga wa nyuki, lakini katikati palikuwa na shimo. Unaingia gia ya pili, mlima bado mkali, unafungua mafuta, nayo inakohoa.

"Mdogo wangu," dada aliniambia akiwa amesimama mlangoni mwa karakana yangu, "Chura akifika kona ya pili anakuwa kama wewe ukiitwa kuosha vyombo."

"Anasikia lakini haji?"

"Anasikia, anaguna, halafu anakaa."

Nilicheka, nikaifungua. Diploma ilikuwa ukutani juu ya meza yangu ya kazi, kwenye fremu, inanitazama. Nikatoa kitabu changu cha chuoni, nikatafuta jedwali, nikapiga hesabu. Nikachukua tupa nikachonga tundu la silinda la kutolea moshi, nikalipandisha juu milimita mbili. Nilichonga taratibu, nikipuliza vumbi la chuma, nikijiona daktari wa upasuaji. Kisha nikaijaribu kwenye barabara tambarare nyuma ya karakana. Ikaruka! Majirani wakatoka nje kutazama.

"Umeipeleka mlimani?" dada aliuliza.

"Dada, hesabu ni hesabu."

Aliniangalia kidogo, akavaa kofia yake ngumu, akaondoka.

Kwenye tambarare injini inalivuka shimo kabla hujaligundua. Mlimani hailivuki, inatumbukia. Na tundu likipandishwa namna ile, nguvu inahamia juu kabisa, katikati panabaki patupu zaidi. Lile jedwali lilikuwa la mashine za mashindano. Maelezo yalikuwepo chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Nilikuja kuyasoma baadaye.

Wiki ileile jirani wa baba, mama mmoja mjane, alimpigia dada simu asubuhi: mzee kifua kimebana. Dada akapanda na dawa. Alipofika, mzee alikuwa ameshaondoka.

"Barabara iliteleza," aliwaambia wote waliouliza msibani kwa nini alichelewa. Mimi nina macho ya kuona visivyonihusu, na niliviona viatu vyake vimesimama pembeni ya mlango, vyeupe kwa vumbi. Mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima. Niliona, nikaenda kupanga viti.

Yule mama jirani alikuja kukaa karibu yangu. "Tulimsikia pale konani," alisema. "Baba yako yuko kitandani, pumzi inakata, lakini akanyoosha kidole jikoni: 'Huyo anakuja. Weka maji.' Nikaweka. Mara mashine ikanyamaza. Birika likaanza kulia, nikataka kulitoa. Akaniambia, 'Liache lilie, atalisikia.'" Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nikaliacha. Maji yakaisha, likanyamaza lenyewe."

Nilimshika mkono. Nikamwambia barabara iliteleza.

Sasa plagi ilikuwa mkononi mwangu, na plagi iliyolowa oili namna ile hutoka kwenye injini iliyozimika. Niliingia nayo ndani, nikaiweka mezani mbele ya dada, kwenye leso yake.

"Nilikutuma bisibisi," alisema, "sikukutuma kupekua."

"Dada, barabara haikuteleza."

Akaikunja leso pembe moja, akaikunjua. "Nilibadilisha plagi. Ikawaka, ikazima. Nikabadilisha tena."

"Ukapanda kwa miguu?"

"Kwa ule mzuri. Huu mwingine niliubeba."

Nikakaa. Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio unakwaruza na kukwaruza.

"Birika ulilisikia?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Nililisikia lilipoanza," alisema. "Na lilipoacha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia kuliko watu wote, mdogo wangu. Ningekuongezea nini?"

Chuma ukishakichonga hukirudishi. Nilichoweza ni kuishusha silinda nzima: nikaikalisha juu ya gasketi, ile karatasi ya kuzibia, nyembamba zaidi, tundu likashuka pamoja nayo. Halafu nikaangalia kitu ambacho ningekiangalia siku ya kwanza kama nisingekuwa nimesoma sana. Bomba la moshi halikuwa la Chura. Mtu aliyekuwa nayo zamani alifunga fupi, la mashindano, na ufupi huo ndio uliochimba lile shimo la katikati. Nikalikata shingoni, nikachomelea pete ya bomba, upana wa vidole viwili. Haikutosha. Nikaweka vitano, ikawa nzito, sauti ya juu ikafa. Vitatu ndivyo vilikubali. Sindano ya kabureta nayo nikaishusha pengo moja, petroli ipungue, plagi isilowe tena.

Majaribio yote niliyafanya kwenye mteremko wa machimbo ya mawe, upande wa pili wa mlima. Kwenye kona ya pili sikwenda. Sikutaka watu wa juu waisikie inanyamaza mara nyingine. Diploma niliitoa ukutani. Mke wangu aliuliza, nikamwambia msumari umeshika kutu, akajifanya ameamini.

Siku ya kupanda, dada ndiye aliendesha. Mimi nilikaa nyuma nimekumbatia sanduku la vifaa. Hatukutaniana. Kona ya kwanza ikapita. Ya pili ilipofika akaingiza gia, akafungua mafuta, nami nikafumba macho.

Chura aliguna. Halafu akavuta. Alivuta kwa sauti nene, isiyo na haraka, changarawe zikimwagika nyuma yetu, mpaka kona ikabaki chini. Mgongo wa dada ulikuwa unatetemeka, na sikuuliza kama ni injini.

Mlango wa baba ulikuwa na kufuli. Dada akasimama pale pale anaposimamaga siku zote, mbele ya ngazi, injini inanguruma polepole.

Mama jirani akatokea kwenye ua wake, mikono imelowa.

"Nimewasikia konani," alisema. "Nikaweka maji. Sikujua mkono wangu umefanya nini mpaka nimeshabandika. Ni lile birika lake, mliloniachia."

Dada akazima injini.

Hakuna aliyeshuka. Tulikaa juu ya Chura, bomba likipoa na kutatarika chini yetu, mpaka filimbi ikaanza kulia.