Msemaji wa Kitinda

Kwa miaka kumi na tisa, Msusi alisemea watu wawili: yeye mwenyewe na mdogo wake, Kitinda. Dukani, shuleni, hospitali, mtu akimuuliza Kitinda hata jina lake, Msusi ndiye anayejibu. Kitinda alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka hadi ndani kwenye kaakaa. Mdomo ulishonwa angali mchanga, kaakaa likangoja mpaka alipokuwa mtu mzima.

Daktari alifanya kazi yake, Mungu ambariki, lakini kidonda kilipona mapema kuliko mwenye nacho. Kitinda aliendelea kuziba mdomo kwa kiganja kila akicheka, na mgeni akibisha hodi anatokomea chumbani. Kisha siku moja, bila kusukumwa na mtu, akaenda kwa mwalimu wa matamshi. Akarudi na kipande cha karatasi. Kila asubuhi anakishika mbele ya midomo, "pa, pa, pa", mpaka kitikisike. Kisipotikisika, ujue pumzi imepitia puani, anaanza upya. Mwaka mzima! Msusi, ambaye hata dawa ya siku tano hamalizi, alikuwa akimchungulia mlangoni na kumvulia kofia.

Sasa, kati ya kazi zote chini ya jua, Kitinda akaenda kuomba ya duka la vipuri vya magari. Plagi, pampu, breki, beringi, klachi: sauti zote zinazomtoa jasho zimepangwa rafuni. Tena pale, wa kaunta humsikiliza mteja, kisha hupaza sauti kwenye kidirisha ili stokipa aliye nyuma ya rafu alete kitu. Mwenye duka, mama asiye na mchezo, alimpa siku moja ya majaribio. Msusi akafunga saluni yake, ati anamsindikiza tu.

Mteja wa kwanza, dereva wa lori, akaagiza pampu ya maji na beringi mbili. Kitinda akageukia kidirisha, akavuta pumzi. Kabla hajafungua kinywa, Msusi keshapaza sauti ya mnadani: "Pampu ya maji na beringi mbili!"

Mwenye duka akavua miwani. "Samahani, kwani hapa namwajiri nani?"

Msusi akatamani ardhi immeze. Jambo alilolifanya kwa mapenzi miaka yote ndilo lililokuwa linamnyima mdogo wake kazi.

"Unaniajiri mimi, mama," Kitinda akasema. Akamgeukia Msusi, kwa upole. "Dada, nenda saluni. Wateja wako wanakungoja."

Msusi akatoka machozi yakimlengalenga. Alifika barazani tu, akajibanza ukutani.

"We binti, una mafua nini?" dereva akauliza. "Mbona sauti inatokea puani?"

Msusi akakunja ngumi. Ndani, Kitinda akamjibu.

"Sina mafua, kaka. Nilizaliwa na kaakaa lililopasuka, likashonwa. Sauti yangu ndiyo hii. Lori lako la mwaka gani?"

"Aa, samahani dada'angu. Sikujua."

"Usijali. La mwaka gani?"

Akautaja. Kitinda akaita kidirishani. "Rudia!" stokipa akajibu. Akarudia polepole, kila sauti mahali pake, na vitu vikaja. Akaja mteja mwingine, na mwingine. Haikuwa sauti ya mtangazaji wa redio, wala hakuna aliyeidai iwe hivyo. Msusi alijaa fahari, na chini yake aibu: mtoto huyu aliweza siku nyingi, ila yeye hakuwahi kumwachia nafasi.

Mwenye duka akachomoza kichwa mlangoni. "Wewe bado upo? Kesho usimsindikize. Njia anaijua."

Saluni, mteja wake wa siku zote alikuwa anangoja mlangoni, nywele keshazifumua. "Enhe, shoga, Kitinda kapata kazi? Maana na ile sauti yake..."

Msusi akafungua kinywa. Alikuwa na maneno ya kujaza gunia. Akakifunga, akachukua kitana, akaanza kugawa nywele mafungu.

"Saa kumi na moja atapita hapa," akasema. "Muulize mwenyewe."