Ujumbe Ulionifikia Chumba cha Barafu

Namba yangu ndiyo iliyoandikishwa kupokea taarifa za hali ya hewa. Fomu ilikuwa na nafasi moja tu kwa kila kikundi, na manahodha wetu wote sita wakakubaliana kuwa simu ya Bibi ndiyo salama, kwa sababu haiendi baharini ikalowa. Ujumbe ukiingia, nawapigia mmoja mmoja.

Siku ile nilikuwa chumba cha barafu, naponda mabonge na kujaza makasha. Fundi wa mashine alikuwa juu ya ngazi akihangaika na feni. Simu ikalia mara moja mfukoni, mlio wa ujumbe. Mikono imelowa, nikasema nimalize kasha hili kwanza.

Pale kwetu kila apitaye akikuta mlango wa barafu uko wazi, huusukuma na kutia komeo, barafu isiyeyuke. Mlinzi akapita.

"Bibi, tumefungwa," fundi akasema.

"Nani atafungua?"

"Wakirudi na samaki. Saa kumi hivi."

Kishikio cha ndani kilikufa siku nyingi, na yeye ndiye alikuwa akiahidi kukitengeneza. Nilifuta mikono, nikasoma. Upepo mkali kuanzia saa saba mchana. Mawimbi ya mita tatu. Vyombo vidogo virejee. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini, na mlango ukishafungwa mtandao hakuna hata chembe, maana kuta zile ni bati nje na bati ndani. Mwanangu wa mwisho alikuwa huko baharini.

Tuligonga mlango kwa nyundo. Nje jenereta linanguruma, nani asikie? Nikazunguka nimeinua simu juu.

"Unawinda mbu, Bibi?"

"Nimeshampata. Amekaa juu ya ngazi na kishikio hajatengeneza."

Mwishowe nikaliona bomba la kutolea maji, pembeni chini, linatokea nje. Nikalala kifudifudi kwenye yale maji, nikaingiza mkono na simu hadi begani, ikapata mtandao. Simu yangu ni ya vitufe, na kila nahodha nimempa kitufe chake, mbili hadi saba. Nikaweka sauti kubwa, nikawa nabonyeza kwa kupapasa. Watano wakapokea, wakageuza. Saba, mwanangu, hapatikani. Yeye huzima simu na kuifunga kwenye nailoni mpaka avute nyavu.

Nilijaribu mara kumi na moja. Vidole vikafa ganzi. Nikabonyeza sita, nahodha tunayemwita Msumari.

"Mama, mwanao ametega nje ya mwamba. Nikimfuata, upepo utanikuta na mimi."

"Sijakuomba umfuate. Nimekwambia tu hapatikani."

"Unaniweka pabaya, Mama."

"Najua, baba."

Akakata. Nikabaki pale, shavu sakafuni, nikiwaza kwamba labda nimetia hatarini watoto wawili badala ya mmoja. Fundi alinifunika koti lake. Saa saba ikafika, mlango ukaanza kutikisika kwa upepo. Kisha simu ikalia ndani ya bomba.

"Mama, Msumari amekata nyavu zangu!"

"Uko wapi?"

"Tunaingia gatini. Nyavu nzima, Mama, kwa kisu, hata hakuniuliza."

"Yeye yuko wapi?"

"Mbele yangu hapa. Nyavu mpya kabisa, unazijua mwenyewe."

"Nazijua."

Fundi akainama. "Bibi, mwambie sasa waje watufungulie, utoe mkono."

"Ngoja," nikamwambia. "Bado analalamika."