Kisanduku Kilichoachwa Wazi

Tangu Kaka aondoke, mlango wa nyumba ile haukufungwa kwa ufunguo hata mara moja. Ulirudishwa tu, ukaegemezewa kigoda ili upepo usiuchezee. Wezi walipita mbali. Majirani walisema nyumba ile ina mwenyewe, wakabadilisha mazungumzo.

Kaka alikuwa fundi umeme, kijana wa utani mwingi, mwenye kuburuta kisigino cha kushoto kama anayevuta gunia. Alitoka asubuhi na mfuko wa vifaa, akaenda kazi ya mbali na wenzake, akasema akimaliza anarudi. Wenzake walirudi. Walipoulizwa, kila mmoja akawa na lake: huyu alimwona akipanda gari jingine, yule alimwona akielekea mtoni kuoga. Simu yake ikaita kwa muda, halafu ikaacha kuita. Haikuja maiti wala haikuja salamu. Ndani ya nyumba neno "kufa" likawa kaa la moto, hakuna aliyelishika.

Ila kisigino kilirudi. Alasiri, jua likishaanza kulegea, Kitinda, yule binti wa mwisho, alikisikia chumbani kwa Kaka: shwaa, shwaa, kutoka dirishani hadi kitandani. Siku ya kwanza alimtazama Mama. Mama alikuwa ameinua kidevu, kisu kimesimama katikati ya kitunguu. Kisha akaendelea kukata, na Kitinda naye akaendelea kuosha vyombo. Hawakulizungumza siku ile wala baadaye. Lakini tangu hapo Kitinda hakuingia kufagia chumba kile bila kupiga hodi kwanza.

Sasa macho ya Mama yalikuwa yanakwisha. Mtoto wa jicho, daktari alisema, pande zote mbili. Si jambo la kutisha, unapasuliwa, unalala wodini, unarudi nyumbani unaona. Mama akapangiwa siku, hakwenda. Akapangiwa nyingine, akasema kifua kinambana. Muuguzi akamvuta Kitinda pembeni, akamweleza bila kuficha kwamba kesho wasipofika, Mama atarudishwa nyuma kabisa ya foleni, na jicho la kulia halitamsubiri mtu.

Kitinda alijua kifua hakina kosa. Kulala wodini maana yake wote wawili watoke, na nyumba ipigwe kufuli.

"Akija akute kufuli?" Mama aliuliza, na kwake yeye hilo lilimaliza maneno yote.

Starehe iliyombakia Mama ilikuwa sudoku, fumbo la kujaza namba 1 hadi 9 zisijirudie katika mstari wa kulala, wa kusimama wala boksi la visanduku tisa. Fundi viatu wa nyumba ya pili alikuwa akisokomeza magazeti ya zamani ndani ya viatu ili visinyong'onyee, na kila alipokuta ile kona yenye namba aliichana akawaletea, akisema wachukue wenyewe wenye vichwa, yeye akili zake zinaishia kwenye soli. Kaka ndiye aliyemfundisha Mama mchezo ule, enzi macho yakiwa mazima. Kanuni yake ilikuwa moja: hakuna kubahatisha. Ukibahatisha, alikuwa akisema, utajaza nusu ya ukurasa ndipo ugundue umejenga juu ya shimo. Siku hizi Kitinda alisoma kwa sauti na kushika penseli. Visanduku vyote Mama alivibeba kichwani.

Alasiri ile waliketi barazani na fumbo gumu. Mwanzo lilikwenda. Walipata mapacha, yaani visanduku viwili vya boksi moja vinavyogombea 2 na 6 peke yake. Basi 2 na 6 ni mali yao, kwingine kote katika boksi zifutwe. Wakafuta. Kisha wakakwama. Penseli ikapumzika, chai ikapoa.

"Nisomee vile vilivyobakiwa na namba mbili mbili tu," alisema Mama.

Kitinda akasoma. Mstari wa nne wa kulala, kisanduku cha pili: 3 au 7. Mstari huohuo, cha nane: 3 au 5. Mstari wa tisa, cha pili: 5 au 7. Mstari huo wa tisa, cha nane: 5 au 9. Mama alifumba macho, ingawa hayakuwa yakimsumbua kwa kuona. Akachora hewani kwa kidole pembe nne.

"Hapa ni njia mbili," alisema. "Usiandike kitu. Kile cha kwanza, amini kwamba ni 3. Amini kweli, si kwa mdomo. Inakupeleka wapi?"

Kitinda akafuata taratibu. Kikiwa 3, cha nane cha mstari ule hakiwezi kuwa 3 tena, kinakuwa 5. Hiyo 5 inatazama chini, inakinyima 5 kile cha nane cha mstari wa tisa. Kinabaki na 9.

"Haya, rudi. Amini ni 7."

Kikiwa 7, kilicho chini yake kinakuwa 5. Hiyo 5 inatembea na mstari wa tisa hadi kwenye kilekile cha nane. Kinabaki na 9.

"Umeona? Hata upite wapi, pale ni 9. Andika."

"Na kile cha kwanza, Mama? Ni 3 au 7?"

"Hicho hatukijui bado. Kiache wazi. Hatukuwa tukikihitaji."

Kitinda aliandika 9. Chumbani kisigino kilianza: shwaa, shwaa. Mama akainua kidevu. Binti alimtazama mama yake, ukungu mweupe ulivyotanda machoni, akaweka penseli chini.

"Mama, kuna kisanduku kingine naomba nikusomee."

"Soma."

"Kaka. Kimebaki na mbili tu. Yu hai, au amekufa."

Kisigino kikanyamaza. Mkono wa Mama ulitafuta ukingo wa mkeka, ukaushika.

"Chunga mdomo wako, mwanangu."

"Si umesema niamini kweli, nione inanipeleka wapi?"

Mama aliukunja ukingo wa mkeka, akaukunjua. Kisha akasema, kwa sauti kavu, "Anza na uhai."

"Yu hai. Anafika, anakuta kufuli. Atafanya nini?"

Pembe ya mdomo wa Mama ikacheza bila ruhusa yake. "Yule? Atamgongea fundi viatu mpaka mzee wa watu atoke na shuka kiunoni. Au atapanda dirisha la jikoni, kama alivyozoea akichelewa."

"Kwa hiyo kufuli halimzuii."

"Halimzuii."

Ikabaki njia ya pili. Kitinda alikuwa ameweza kulitaja neno. Kulifuata lilikokwenda hakuweza. Mama alimsubiri, akaona hafiki, akamalizia mwenyewe.

"Na huyo mwingine," alisema, akigeuza uso kuelekea chumbani, "hajapitia mlangoni hata siku moja. Naye kufuli halimzuii."

Asubuhi walifunga. Kufuli lilikuwa limekaza kwa kutotumika, fundi viatu akaja na mafuta yake ya cherehani, akaahidi kwamba yeyote atakayekuja atamkalisha pale amshonee soli mpaka wenyewe warudi. Mama akacheka kidogo. Akauweka ufunguo kifuani, akamshika Kitinda bega, wakaingia kwenye uchochoro wa kutokea barabarani.

Hawakufika mbali. Nyuma yao, juu ya changarawe: shwaa, shwaa.

Kitinda aligeuka. Palikuwa na kuta mbili, kamba ya nguo, na jua. Sauti ilikuja karibu kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Vidole vya Mama vikamvuta bega.

"Tumpishe," alisema Mama.

Wakajibana ukutani. Kitinda hakuona mtu, lakini alirudisha miguu yake nyuma, kama unavyomfanyia aliyebeba mzigo. Baridi ndogo ikawapitia magotini. Mama, kwa macho yale yasiyoona, alikifuata kitu kile kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, mpaka kwenye kona ya uchochoro, na kisigino kikafifia huko.

"Hakuniamkia," alisema Mama.

Kaka, hata akiwa amekasirika, hata mdomo umejaa chakula, hakuwahi kumpita mama yake bila shikamoo.

"Angekuwa hai angeniamkia," alisema Mama, na hapo ndipo alipolia kilio chenyewe, cha msiba, katikati ya njia, mikono kichwani, mpaka madirisha yakafunguka. Kitinda hakumnyamazisha. Alimzungushia mkono kiunoni, akamwongoza taratibu kuelekea hospitali, naye akilia, akimtajia mashimo ya njiani moja baada ya jingine asije akajikwaa.