Kofia Mpya ya Gravers

Umewahi kujiuliza kofia ya kulalia inakuwaje na tabaka mbili bila hata mshono mmoja? Mama yangu, Sidsel, aliifuma kama soksi ndefu isiyo na kisigino, akaziba ncha zote mbili, kisha nusu moja akaisukuma ndani ya nyingine. Hapo bado. Tuliikanda katika maji moto mpaka sufu ikashikana, tukaikausha, tukaichana kwa miiba hadi ikawa laini kama kifaranga.

Kwetu, nyikani Jutland, nchi ya baridi ya kaskazini, kila mtu alifuma, hata baba yangu, Gravers, huku akifuata kondoo wake. Lakini kofia nzuri zote zilikwenda na mchuuzi. Baba alilala na kofia kuukuu, viraka juu ya viraka, wala hakuwahi kulalamika.

Majira yale ya baridi kifua kikamlaza. Mama alipoona kwamba hatapona, alichagua sufu nyeupe kuliko zote, akamfumia kofia ya kuzikiwa, maana kwetu mtu haendi kaburini na kofia ya zamani. Ilipokamilika akaitundika ukutani, upande wa miguuni pa kitanda.

Jirani yetu Maren, aliyekuja kufuma nasi, akaitazama akacheka.

"Shoga, kwa kofia hiyo hata mchungaji wetu wa kanisani atatamani kufa."

"Atamani tu. Hii ina mwenyewe."

"Na huyo mwenyewe mbona anatetemeka?"

Kweli alikuwa akitetemeka. Mama akamvutia blanketi, akamrekebishia ile kuukuu. Sikio likatokeza kwenye tundu.

"Vumilia, mzee wangu. Ile lazima ifike safi. Nikikuzika na kofia yenye jasho, watu watanionaje?"

Maren akainamia sindano zake, mzaha umemwishia.

Nilimpelekea baba maziwa ya moto, akageuza uso. Midomo yake ilikuwa imepauka, na macho hayakubanduka ukutani. Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, akaishika mikono ya baba, akaipulizia pumzi kama alivyotufanyia sisi tulipokuwa wadogo.

"Unataka nini, Gravers? Sema basi. Tangu unioe nakuuliza, na jibu lako ni hilo hilo, hutaki kitu."

Alihangaika na pumzi kwa muda mrefu.

"Hiyo kofia," akasema. "Nivishe sasa, Sidsel. Huko niendako sitasikia joto lake."