Tanuri Lisilo na Mwanya

Mlango wa tanuri la mbao ulijifunga kwa sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate. Babu aliufungua, akaufunga tena, apate tu kuisikia sauti ile. Hata wembe usingepenya pembeni mwake. Mafundi wenzake hawakumwita Milimita bure.

Jiko hilo la kuchezea alilijenga uani kwa ajili ya wajukuu wake wawili wa kike. Beseni kuukuu ndilo lililokuwa sinki, vifuniko vya ndoo vikawa sahani, na chini ya sinki akaweka tanuri lenye komeo linalojishika lenyewe. Lakini nia ilikuwa kubwa kuliko jiko. Binti yake alikuwa amepata kazi, na yaya hakuwapo. Wiki hii ilikuwa ya kumpima mzee: akiweza kukaa na watoto, kazi itashikwa, akishindwa, itaachwa.

"Baba, huo mlango ungeuacha," binti alimwambia asubuhi, akiwa tayari ameshika lango.

"Tanuri bila mlango ni shimo la panya, mwanangu. Nimejengea watu majiko wewe ukiwa unatambaa."

"Ndiyo maana nasema. Hao walikuwa watu wazima."

Mzee akacheka, kicheko cha fundi anayefundishwa kushika nyundo. Binti alipoondoka, akaupaka mlango rangi ya pili.

Baadaye, jua likiwa utosini, alikuwa akipiga msasa rafu ya mwisho, masikio yamejaa mkwaruzo. Alipoinua kichwa, mjukuu mkubwa alikuwa peke yake, anakoroga tope.

"Mwenzio yuko wapi, mke wangu?"

"Yumo kwenye tanuri. Yeye ni mkate."

Babu alitabasamu. Kisha tabasamu likamkauka.

"Fungua basi."

"Mlango haufunguliwi kabla mkate haujaiva. Wewe ndiye uliyesema utabonyea."

Ni kweli, ndivyo alivyowafundisha asubuhi. Alimsogeza mtoto kando, akavuta. Rangi mbichi ilikuwa imeng'ang'ania fremu; kishikio kikachomoka, kikabaki mkononi mwake.

"Kadogo! Kadogo, itika!"

Akanyakua patasi, akailenga kwenye ukingo wa mlango, mkono ukaganda. Uso wa mtoto ulikuwa upande gani? Akatafuta skrubu za bawaba. Alikuwa amezididimiza mwenyewe, akazifukia kwa gundi na vumbi la mbao, ili pazuri pazidi kupendeza. Alipapasa kama kipofu. Kila alipoweka ustadi, palikuwa pamegeuka ukuta.

Nyuma! Kule alikoona hakuna jicho litakalofika, alikuwa amebandika plaiwudi nyembamba kwa misumari michache, kazi ya kulipua. Alizunguka mbio, akachomeka patasi juu kabisa, akabandua. Mbao ikalia, ikaachia.

Joto lilimpiga usoni. Mtoto alikuwa amejikunja, nywele zimelowa jasho, macho yamefumba. Babu alimgusa shavu.

Jicho moja likafunguka. "Nimeiva?"

Mzee hakujua alikaa chini saa ngapi, wala lango lilifunguliwa lini. Binti yake, aliyekuja kuwaangalia wakati wa mapumziko ya mchana, alikuwa amesimama pale, mkoba begani, akiitazama plaiwudi iliyopasuka. Laiti angefoka, ingekuwa nafuu. Alimtoa mtoto tanurini, akamnusa utosi, akamkumbatia.

"Jioni wanataka jibu langu kazini, kama naendelea au naacha," alisema mwishowe.

"Najua."

"Alikaa humo muda gani, Baba?"

Mtu aliyeishi kwa vipimo alitazama viganja vyake. "Sijui, mwanangu."

Mjukuu mkubwa aliacha kukoroga. Binti aliketi kizingitini, mtoto kifuani, mkoba ungali begani.

"Huo mlango ukate," alisema. "Nikiona."

Babu alichukua msumeno. Hakuchukua rula. Aliyalaza meno ya msumeno juu ya rangi mbichi, kisha akamgeukia binti yake.

"Nikate wapi?"